Ngoma italala wapi?

Najua nimeadimika, kuna walioanza kuuliza kama nimedisko. Bado sijadisko. Nilikuwa Kibiti kwa mama wiki mbili, nimerudi Mlimani juzi usiku, na kichwa changu kimebeba kitu kimoja tu ambacho leo nataka nikitue hapa. Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka na daladala aende, atasoma kesho.

Habari yenyewe ni kiwanja. Babu mzaa mama alipofariki aliacha kiwanja pale Kibiti mjini, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Kina mwembe mmoja, banda la makuti lililoinama upande, na kibanda cha udongo ambamo mjomba wangu anahifadhi ngoma zake. Kila Alhamisi jioni kikundi chake kinafanya mazoezi hapo. Zamani hakuna aliyekitamani. Lakini Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya, katikati ya miaka ya 2010, wakaja watumishi, walimu, manesi, watu wa benki, na wote wanahitaji chumba. Sasa binamu zangu wamepiga hesabu: vyumba kumi vya kupangisha, ukuta kwa ukuta, kodi inaingia kila mwezi. Mjomba hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Sawa, jengeni. Ngoma italala wapi?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Kikao cha familia kimepangwa, na mama akanigeukia mimi: "Wewe si ndo unasoma historia? Njoo utwambie wenzetu walifanyaje." Nilidhani ni utani, kumbe kweli. Basi nimekaa siku tatu kule East Africana, maktaba kuu, nikifukua vitabu badala ya kuandaa maazimio ya somo. Niliyoyapata ni haya.

Kwanza niwaambie mjomba aliishi vipi Dar, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini aliuliza. Alifika mjini miaka ya 1980, kijana, akapata chumba Temeke kwenye nyumba ya Kiswahili. Mnazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, mbele baraza, nyuma uani penye choo, jiko na bomba. Chumba kimoja familia moja. Mwenye nyumba alikuwa mtu mzuri, lakini sharti la kwanza lilikuwa ngoma zisipigwe ndani. La pili lilikuja baadaye: hata kulala zisilale, zinaleta panya. Na ni kweli, panya wanapenda ngozi. Mjomba akazihifadhi kwenye stoo ya baa walikokuwa wanapiga. Siku moja baa ikauzwa. Mwenye baa mpya akasema yeye kanunua baa, hajui habari ya ngoma za mtu. Seti nzima ikapotea hivyohivyo, pamoja na moja aliyoachiwa na babu yake. Mpaka leo akiisimulia hiyo anainamisha macho.

Ngoma si gitaa, jamani. Gitaa unalilaza juu ya kabati. Ngoma inataka mahali pakavu, na kabla ya kupiga inatakiwa ipashwe moto ngozi ikaze, kwa hiyo unahitaji uwazi wa kuwasha moto wa majani bila kuunguza nyumba ya mtu. Inataka wachezaji wapate nafasi ya kuzunguka. Inataka jirani asiyeamka alfajiri kwenda kazini. Mpangaji wa chumba kimoja hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa historia. Kinachonichekesha ni kwamba sisi watu wa delta ndo tuliowapa watu vyumba. Zile nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, na nyingine nyingi ng'ambo kule Uarabuni na Ghuba, dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na Rufiji ilikuwa mojawapo ya sehemu kubwa zilikotoka. Majahazi yalikuja na kaskazi yakaondoka na kusi yamejaa boriti. Fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko boriti yake, ndiyo maana vile vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Yaani upana wa chumba cha tajiri wa Unguja ulipimwa na mti uliokatwa kwetu.

Sisi wenyewe bondeni tulijenga tofauti. Mto ulifurika, watu wakalima na mafuriko, na shambani wakajenga dungu, nyumba ya miguu, sakafu iko juu ya nguzo. Humo ulilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija uko juu. Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 1968, na baada yake serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda miinukoni upande wa kaskazini, kwenye vijiji vilivyopangwa. Hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya operesheni ya vijiji ya nchi nzima iliyoanza 1973. Mjomba alikuwa mtoto. Anakumbuka kamba zikivutwa kupima viwanja kwa mistari iliyonyooka. Ilipimwa nyumba, ikapimwa shule, ikapimwa ofisi. Uwanja wa ngoma haukuwemo kwenye kamba. Wazee wakachukua chini ya mwembe, na kwa kuwa haukuandikwa popote, baadaye ukagawiwa mtu. Simlaumu aliyepima, huenda aliambiwa apime nyumba na alipima nyumba. Lakini mtu akichora ramani asiweke sehemu ya ngoma, hiyo sehemu haitajiweka yenyewe.

Dar nako Warufiji walikuwa wamefika zamani, wakakaa Kariakoo, Ilala, na baadaye Temeke na Mbagala. Kuna Mwingereza mmoja wa serikali ya kikoloni, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi wa jiji mwaka 1956, kitabu chake kikatoka 1963. Ukikisoma unaona ile nyumba ya vyumba sita ilivyokuwa moyo wa mji wa Waafrika: mwenye nyumba mara nyingi alikaa humohumo na wapangaji wake. Haikuwa nyumba ya kulala tu. Uani palipikwa, palifungwa harusi, palichezwa unyago. Barazani palikaliwa mikutano.

Na hapo uani ndo pamenishtua. Bibi Titi Mohamed, ambaye sote tunamsoma kama mwanasiasa, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. TANU ilipomwomba awaingize wanawake mwaka 1955, hakuanza kwa kukodi ukumbi. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokwisha kujuana, wenye michango, wenye utaratibu, wenye mahali pa kukutana. Baadaye akawa mbunge wetu Rufiji, akaja kupoteza kiti mwaka 1965, lakini hiyo ni habari nyingine. Ninachosema ni kwamba kama zile nyumba zisingekuwa na uani na baraza, sijui TANU ingewapata wapi wale wanawake kwa wepesi ule.

Wanaume walikuwa na klabu za dansi. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Western Jazz 1944, Kilwa Jazz 1958. Na ndiyo, ilikuwepo Rufiji Jazz! Msicheke. Majina yenyewe yanasema: watu wa upande mmoja wamekutana mjini wakaanzisha chama. Na vyombo vilikuwa mali ya klabu, si ya mpigaji. Hapo ndipo siri ilipo. Kijana aliyetoka Utete au Mbwera hana hata shati la pili aliweza kupiga saksafoni, kwa sababu saksafoni ilinunuliwa kwa michango na ililala kwenye klabu. Chumbani kwake alihitaji kitanda tu. Kazi ilikuwa na nyumba yake, yeye alikuwa na yake, na wenzake ndio waliolipia ile ya kazi.

Baada ya uhuru mlipaji akabadilika. Nyerere katika hotuba yake ya Desemba 1962 alitangaza wizara ya utamaduni, na kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, wachezaji wakiwa ni watumishi wanaolipwa. Kisha vyama na mashirika yakaingia. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Kiwanda cha Urafiki kikawa na bendi yake. Bima wakawa na Bima Lee. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, lililokuwa na kumbi zake: Kariakoo, Magomeni Kondoa, Keko. DDC hiyohiyo ilikuwa na kikundi cha ngoma, DDC Kibisa. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi, mshahara mwisho wa mwezi, vyombo vya shirika, ukumbi wa shirika.

Mjomba alikipata hiki kipindi mkiani. Kikundi chake kilikuwa chini ya shirika moja la umma, na anasema miaka ile mitatu ndiyo pekee maishani ambayo hakuwahi kuwaza ngoma zitalala wapi. Zililala ghalani kwa mwajiri, kuna mlinzi, kuna daftari unasaini.

Msinielewe vibaya, sisemi ilikuwa peponi. Aliyekulipa ndiye aliyekupangia cha kuimba, na mashairi ya kusifu yalikuwa mengi kuliko ya kulalamika. Pia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilijenga nyumba nyingi, lakini za mfanyakazi kwa maana ya karani na mtu wa kiwandani. Msanii kama msanii hakuwa na foleni yake. Waliokuwa na nyumba na ukumbi mahali pamoja walikuwa askari: Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT, Mwenge Jazz ya JWTZ. Askari mpiga tarumbeta analala kambini, anafanya mazoezi kambini, tarumbeta ni la jeshi. Msishangae muziki wa vyombo vya dola ulivyodumu, wenzetu wana paa.

Mambo yakageuka baada ya 1986, nchi ilipokubaliana na IMF, na miaka ya 1990 mashirika yakaanza kuuzwa na kufungwa. Kiwanda kikiuzwa, mnunuzi hanunui kikundi cha ngoma. Sijaona kitabu kilichohesabu ni wachezaji wangapi walirudi chumbani na mikono mitupu, ila mjomba ni mmoja. Kuanzia hapo mlipaji ni baa, na baa inalipa kwa kilichokusanywa mlangoni. Mvua ikinyesha hakuna mlango.

Vijana wa uswahilini wakabuni njia. Mchiriku ulikuwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma, spika, na mtaa wenyewe ndo ukumbi. Jagwa Music walitoka Mwananyamala kwa mtindo huo wakafika kupiga Ulaya. Singeli nayo ikaja, na studio ya Sisso pale Mburahati, iliyotoa muziki uliosikika dunia nzima kuanzia 2017, ni kielelezo cha msanii wa kompyuta: chumba kidogo kinatosha. Nawaheshimu sana. Lakini ni suluhisho la kompyuta. Ngoma ya mjomba haiingii kwenye kompyuta, na wale wamama kumi na wawili wanaomzunguka nao hawaingii.

Je, kuna mahali watu waliamua kujenga makusudi kwa ajili ya wasanii? Kupo. Marekani, jijini New York, kuna Manhattan Plaza, maghorofa mawili ya kwenda juu sakafu 46, yenye nyumba 1,689. Yalijengwa kwa watu wa kipato cha kati, wapangaji wakakosekana, na mwaka 1977 ikaamuliwa asilimia 70 ya nyumba ziende kwa wasanii wa jukwaani, waigizaji, wacheza dansi, wanamuziki. Zilizobaki wakapewa wazee, walemavu na watu wa mtaa ule. Kodi ni sehemu ya kipato chako, kwa hiyo ukikosa kazi kodi inashuka. Alicia Keys kakulia humo. Samuel L. Jackson, kabla hajawa Samuel L. Jackson, alikuwa mlinzi wa getini. Kilichonivutia si ukubwa. Ni kwamba walikubali kipato cha msanii kinapanda na kushuka, wakaifanya kodi nayo ipande na kushuka. Mwenye nyumba wa Temeke hawezi hilo, naye anaishi kwa kodi hiyohiyo. Lazima kuwe na mfuko mwingine nyuma yake.

Kwetu Dar kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu 2008. Wamechukua makontena wakayageuza studio, pana jukwaa la wazi, na wachezaji na wanamuziki wanapatumia. Hiyo ni nafasi ya kazi, kulala unakwenda kwako. Magomeni Kota nako, maghorofa mapya yaliyofunguliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye zile nyumba za zamani za chini, ni makazi, na ni mazuri. Ila jaribu kuwasha moto wa majani upashe ngoma ghorofani, uone zimamoto watakavyokuja.

Walioviunganisha vyote viwili kwetu, kwa ninavyoona, ni familia ya marehemu Hukwe Zawose. Mzee alitoka Ugogo kwa mwito wa Nyerere, akaishia Bagamoyo ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, leo TaSUBa. Alifariki Desemba 2003. Ukoo wake ulikaa pamoja na kupiga pamoja, watoto wakajifunza kwa kuwa wamezaliwa katikati ya marimba. Nyumba ilikuwa chuo. Haikuhitaji mtaalamu kutoka nje kuichora, ilihitaji uwazi katikati na mtu asiyeuuza.

Basi nikarudi kwenye kiwanja chetu na karatasi ya mraba. Binamu zangu wana hoja. Bila kodi hakuna atakayelipa bili ya maji wala kukarabati banda, na mjomba hana pensheni. Nikasema tusibishane kama ni vyumba au ngoma, vyumba viilipie ngoma kama zamani klabu ilivyoilipia. Nimechora vyumba sita badala ya kumi, vimekaa kama herufi L upande wa barabara na upande wa jirani. Migongo ya vyumba, isiyo na madirisha, ndiyo inayotazama uwanja, ili mpangaji asipigiwe ngoma dirishani. Katikati mwembe unabaki. Banda linabaki la makuti, kwa sababu chini ya bati sauti inagonga na kurudi, mnajua wenyewe darasa la bati mvua ikinyesha. Kodi ya chumba kimoja iwe ya kikundi, iandikwe kwenye makubaliano ya familia na mwenyekiti wa mtaa asaini, isiwe maneno ya mdomo kama ule mwembe wa wazee. Na stoo ya ngoma nimeipandisha juu ya nguzo kama dungu, unyevu usifike, mchwa waonekane wakipanda, na panya tuweke bati la kuwazuia kwenye kila nguzo. Boriti za mikoko sitazitumia, ni hifadhi, hazikatwi ovyo. Mbao zitatosha.

Binamu mkubwa kanijibu kwenye simu kwamba vyumba vinne ninavyovifuta ni ada ya mwanawe. Sina jibu la hilo. Ni kweli ni ada ya mwanawe.

Mjomba nilimwonyesha mchoro kabla sijapanda basi. Tulikaa chini ya mwembe huohuo. Aliniambia kuna wakati, yale mauaji ya Kibiti yalipopamba moto, mwaka ambao askari wanane waliuawa kwa siku moja, Aprili 2017, usiku ulikuwa kimya na hakuna aliyethubutu kuwasha moto nje. Ngoma zilikaa ndani miezi, ngozi mbili zikapasuka zenyewe. Walipoanza tena, watu walitoka majumbani kuja tu kukaa pale, hata wasiocheza. Hilo sikuliandika kwenye mchoro, sijui linaandikwaje.

Akaishika karatasi, akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Moto umeuweka wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha, kona ya kaskazini, mbali na makuti.

"Kaskazi ikivuma moshi wote unaingia chumba cha tatu. Humo utampangisha nani?"

Nikasema labda mwalimu.

"Mwalimu atahama."

Nimefuta. Nachora upya usiku huu, umeme ukiniruhusu. Kikao ni Jumamosi.